Bondia Mwenye Huruma Ndiye Ninayemwogopa Zaidi

Wazazi wanaoleta watoto jimu huniuliza swali moja kwa njia mbili. Mama atasema, "Mwalimu, huyu wangu ni mpole, hata mdogo wake hajawahi kumnyanyulia mkono. Mkishamfundisha kupiga watu, huo upole utabaki?" Kesho yake anakuja baba mwingine, anamsukuma kijana wake mbele: "Huyu ana huruma mno, kocha. Mtoe hiyo huruma, la sivyo hatafika popote." Wote wawili wanaamini kwamba huruma na roho ya kuua haziwezi kukaa ndani ya mtu mmoja, na kwamba ulingo lazima utafukuza mojawapo.

Mimi nimeishi kando ya ulingo sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilipigana ndondi za ridhaa, kisha nikabeba ndoo na sponji za wengine, kisha nikawa kocha. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona kwamba wazazi hao hawajakaa karibu na kamba vya kutosha. Mabondia bora kabisa niliowaona kwa macho yangu walikuwa na vyote viwili, tena tele. Nikipewa jina la mpinzani wa kijana wangu, huwa naulizia nguvu zake na pumzi yake, lakini naulizia pia tabia yake mazoezini. Nikiambiwa ni mkatili, nalala vizuri. Nikiambiwa ni mtu mwenye huruma na bado ana rekodi ya kumaliza watu, hapo ndipo naanza kupanga mambo upya.

Tuanze na hiyo roho ya kuua, yaani uwezo wa kummaliza mpinzani pale anapoyumba, kwa sababu watu wengi wanaichanganya na hasira. Bondia aliyeumia hufanya kila awezalo kuficha. Anatabasamu. Anapiga kifua, anamwita mwenzake aje. Lakini mwili unasema ukweli. Visigino vinashuka chini na mguu wa nyuma unachelewa kufuata wa mbele. Mikono inapanda juu kuliko kawaida, viwiko vinaachana, mbavu zinabaki wazi. Pumzi inatokea mdomoni. Wakati mwingine jicho linakimbia mara moja tu kutazama kona yake, walipo wasaidizi wake, kama anayetafuta mtu. Yote hayo yanapita kwa muda mfupi kuliko unaotosha kusoma sentensi hii.

Bondia wa kawaida anapofika hapo huharibu kwa njia mojawapo. Mmoja anarudi nyuma kutazama alichofanya, mpinzani anapata pumzi, nafasi imepita. Mwingine anavamia kichwa kimeinama, anatupa mikono hovyo, nusu ya makonde yanaangukia glavu na mabega, na baada ya sekunde ishirini yeye ndiye aliyechoka. Huyu wa pili ndiye watu wa jukwaani wanamshangilia wakisema ana roho ya kuua. Hana. Ana haraka. Bingwa hufanya kitu ambacho ukikiona mara moja hutakisahau: anatulia. Anasogea nusu hatua, anapiga tumbo kwanza ili mikono ya mpinzani ishuke, anangoja ishuke, ndipo anapanda kichwani. Makonde matatu, manne, kila moja limetazamwa kabla ya kutoka. Uso wake wakati huo hauna chuki hata kidogo. Amemtazama mtu aliye mbele yake kwa makini kuliko mtu yeyote mwingine aliyewahi kumtazama siku hiyo.

Joe Louis, bondia wa Marekani, alikuwa hivyo. Tarehe 22 Juni 1938, mbele ya uwanja uliojaa New York, alimmaliza Max Schmeling kwa sekunde 124. Schmeling alikuwa amemshinda miaka miwili nyuma, na dunia nzima ilikuwa imelifanya pambano la marudiano kuwa vita ya Marekani na Ujerumani ya Hitler. Ungetegemea Louis aingie na sumu rohoni. Ukitazama filamu yake unaona fundi kazini, hakuna ngumi iliyopotea. Na miaka ya baadaye watu hao wawili wakawa marafiki wa kweli, na Louis alipofariki mwaka 1981 Schmeling alichangia gharama za mazishi. Urafiki wa namna hiyo haumei mahali palipokuwa na ukatili. Sekunde 124 zilikuwa kali, lakini zilikuwa 124 tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani huruma ni kupiga polepole.

Nilikuwa na binti mmoja jimu, mkimya, mwenye mkono wa kushoto mzito kuliko uzani wake. Siku za sparingi, yaani ndondi za mazoezi kati ya wenzake, nilikuwa nikimweka na wanaoanza, kwa sababu niliona anavyowashughulikia. Mwanzoni mwa kila mzunguko aligusa glavu za mwenzake, kisha akampa ngumi nyepesi, za kumfundisha; mwenzake akiacha kidevu wazi, yeye alikigusa kwa glavu bila kukipiga, ili mwenzake ajue. Mwenzake akichanganyikiwa, alisogea pembeni na kumwachia nafasi ya kupumua. Watu wakaniambia huyo hatafaa, ana moyo laini. Mimi niliona jambo jingine. Ili umguse mtu kidevuni bila kumwumiza, lazima umeona kidevu kiko wazi, umejua muda gani kitabaki wazi, na umeamua nguvu ya mkono wako mwenyewe. Hayo ndiyo mambo matatu yanayohitajika kumwangusha.

Katika pambano moja la ridhaa, raundi tatu za dakika tatu tatu, alimpata mpinzani wake na konde la kushoto mwishoni mwa raundi ya pili. Kengele ikalia. Alikaa kwenye kiti, nikamtoa kinga ya meno, nikampa maji. Huwa simsemeshi bondia sekunde za mwanzo. Kwanza avute pumzi. Nilipoinama nimwambie la kumwambia, akaniwahi.

"Mwalimu, yule dada hanioni tena mkono wa kushoto ukija. Nimfanyeje?"

"Unataka kumwacha?"

Akatazama kona ya pili. Walikuwa wanampaka mwenzake mafuta usoni na kumpigia kelele. "Nikimwacha nitampiga dakika tatu nzima," akasema. "Naenda tumboni."

Sikuwa na cha kuongeza. Sekunde chache ndani ya raundi ya tatu alipiga kichwani kwa kudanganya, mikono ya mpinzani ikapanda, na konde la kushoto likaingia chini ya mbavu upande wa ini. Mpinzani akapiga goti. Konde la ini halikuzimishi akili. Linaukataza mwili kusimama. Alisikiliza hesabu yote macho yamefunguka, akatikisa kichwa, refa akamaliza. Muda mfupi baadaye alikuwa amekaa akiongea na watu wake vizuri, bila hata konde moja zaidi la kichwani.

Ningependa kila mzazi angeliona lile. Aliye mkatili angempiga kichwa kwa dakika tatu, kwa sababu kichwa ndicho kinachoshangiliwa. Aliye mwoga wa kuumiza angembeba mpaka mwisho, na kumbe kumbeba kungekuwa makonde mengine mengi juu ya ubongo uliokwisha kutikisika. Yeye aliona njia fupi na akawa na ujasiri wa kuipita. Sijui nikuambie ile ilikuwa huruma au roho ya kuua. Ilikuwa jicho lilelile.

Ukatili unajulikana kwa urefu wake. Muhammad Ali, tunayempenda sote, anatupa mfano wa pande zote mbili. Tarehe 6 Februari 1967 alipigana na Ernie Terrell, ambaye alikataa kumwita kwa jina lake jipya la Muhammad Ali, akamwita Clay, jina lake la zamani. Ali alimpiga raundi 15 huku akimuuliza jina langu nani, jina langu nani. Jina lile lilikuwa haki yake, na aliyekataa kulitamka alikuwa anamdharau. Lakini ukitazama raundi za mwisho unaona mtu anayerefusha mateso ya mtu ambaye amekwisha kumshinda. Sipendi kuitazama, na nasema hivyo nikiwa mtu anayempenda. Halafu njoo Kinshasa, 30 Oktoba 1974, raundi ya nane. George Foreman anazunguka akianguka, na Ali anazunguka naye, mkono wa kulia umekwisha kuandaliwa, kidevu cha Foreman kiko wazi kabisa. Konde halitoki. Ali anamtazama anavyoshuka mpaka chini na kuuzuia mkono. Pambano lilikuwa limekwisha na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Huwa nawasimamishia vijana video hapo hapo, nawauliza kwa nini hakupiga. Wengi husema alimwonea huruma. Mmoja aliwahi kujibu kwamba hakukuwa na kazi tena. Yote mawili ni sahihi.

Ndondi zenyewe zinajua kwamba nguvu hii inahitaji mipaka. Jack Dempsey, alipomchapa Jess Willard mwaka 1919, alimwangusha mara saba raundi ya kwanza, na kila Willard alipojaribu kuinuka Dempsey alikuwa amesimama juu yake akingoja. Sheria ya wakati ule ilimruhusu. Baadaye ikawekwa kwamba anayeangusha aende kwenye kona ya mbali kabla hesabu haijaanza. Mwaka 1927, jijini Chicago, Dempsey alimwangusha Gene Tunney raundi ya saba, lakini akachelewa kwenda kwenye kona. Refa akangoja. Tunney alipata sekunde kama 14 badala ya kumi anazopewa aliyeanguka, akainuka, akashinda kwa pointi. Nawaambia vijana wangu wafikirie hilo kwa makini. Ubingwa wa dunia uliponyoka kwa sababu mtu hakuweza kumwacha aliyeanguka kwa sekunde chache.

Sasa niingie kwenye sehemu ngumu.

Tarehe 24 Machi 1962, Madison Square Garden, Emile Griffith alipigana na Benny Paret kwa mara ya tatu. Wakati wa kupima uzito Paret alimtusi Griffith kwa neno la kumdhalilisha, mbele za watu. Raundi ya 12 Griffith alimbana Paret kwenye kona. Mwili wa Paret ulikuwa umekwama kwenye kamba, hawezi hata kuanguka, na makonde yaliendelea kumiminika kabla refa hajaingia. Paret alifariki siku kumi baadaye. Griffith aliendelea kupigana hadi mwaka 1977, akatwaa na mkanda wa uzani wa kati, lakini mwenyewe alikiri kwamba tangu usiku ule alikuwa akijizuia. Roho ya kumaliza ilibaki kwenye ile kona. Akiwa mzee alikutana na mtoto wa Paret, wakakumbatiana.

Watu wanapolisimulia hilo huuliza kama Griffith alikuwa muuaji. Mimi naulizia watu wengine. Miezi isiyotimia minne kabla, Desemba 1961, Paret alikuwa amepigwa vibaya na Gene Fullmer, mtu wa uzani mkubwa kuliko wake, mpaka akazimishwa raundi ya kumi. Nani alimrudisha ulingoni mapema vile? Nani alikuwa na taulo mkononi kwenye kona yake, lile linalorushwa ulingoni kusimamisha pambano? Refa alikuwa wapi? Bondia aliye katikati ya kumaliza hana kazi nyingine. Ndicho alichofundishwa na ndicho kinachomlinda asije akageuziwa kibao. Huruma ya wakati ule ilipaswa kutoka kwa watu ambao hawakuwa wakipigwa. Walipoikosa wao, mzigo wote ukamwangukia Griffith, akaubeba maisha yake yote.

Hilo ndilo nililojifunza zaidi ya yote kwenye kona. Bondia anaweza kuwa mkali kabisa pale tu anapojua kuna watu waaminifu wanaotazama. Refa mzuri anamwezesha bondia kupiga. Kona nzuri ya mpinzani inamwezesha kupiga. Watu hao wakishindwa kazi yao, bondia mwenye roho nzuri anajikuta analazimika kuwa refa wa pambano lake mwenyewe, na hapo anakuwa hatarini na anaumia moyo.

Larry Holmes aliyapitia hayo mwaka 1980. Alikuwa bingwa asiyewahi kushindwa, na mbele yake walimletea Ali, miaka 38, mtu aliyemfundisha kazi enzi Holmes akiwa mwenzake wa sparingi. Raundi kwa raundi Ali hakuwa na jibu. Holmes akawa anapunguza, anamtazama refa, ni kama anamwomba. Aliyelimaliza ni Angelo Dundee, mtu wa kona ya Ali mwenyewe, baada ya raundi ya kumi. Holmes alilia usiku ule akiwa mshindi. Wapo waliomsema kwamba hakuwa na roho ya kuua kwa kuwa hakumzimisha. Nawasikia na nashangaa. Mtu huyo alitetea ubingwa wake kwa miaka mingi dhidi ya majitu. Roho alikuwa nayo. Alichokosa usiku ule ni watu wa kumaliza mapema jambo ambalo dunia nzima ilikuwa imeshaliona.

Na kuna Chris Eubank, bondia wa Uingereza. Septemba 1991, jijini London, alipigana na Michael Watson. Raundi ya 11 Watson alimwangusha. Eubank akainuka na papo hapo, sekunde za mwisho za raundi ileile, akampata Watson na apakati, konde linalotoka chini kwenda juu, iliyomtupa chini. Pambano likasimamishwa raundi ya 12. Watson alikaa siku 40 bila fahamu. Huduma ya kumsaidia kupumua ilichelewa pale ulingoni, na baadaye mahakama za Uingereza zikaamua kwamba waliosimamia mchezo walikuwa na wajibu wa kuiweka tayari. Maisha ya mabondia wengi tangu hapo yamelindwa na uamuzi ule. Mwaka 2003 Watson, aliyeambiwa huenda asitembee tena, alikamilisha mbio za marathoni za London kwa siku sita, na Eubank alitembea pamoja naye.

Eubank mwenyewe amesema kwamba baada ya Watson hakuweza tena kumaliza watu, na mapambano yake mengi yaliyofuata yaliishia kwa pointi. Lakini jambo ninalolithamini zaidi lilitokea Machi 2016. Mtoto wake alikuwa akipigana na Nick Blackwell, na Blackwell alikuwa akipigwa sana kichwani. Baada ya raundi ya nane baba alipanda kwenye kona, akamwambia mwanawe kwamba refa asiposimamisha, yule mtu ataumia, na akamwelekeza apige mwili. Raundi ya kumi pambano lilisimamishwa. Blackwell alikutwa na damu kwenye ubongo, akalazwa usingizi wa dawa, akaja kuzinduka. Nimeitazama dakika ile ya kona mara nyingi kuliko mapambano mengi ya ubingwa. Baba hakumwambia mwanawe apunguze, wala ashindwe. Alimwonyesha mahali pengine pa kushindia. Binti yangu hakuwa ameiona video hiyo, aliifikia mwenyewe akiwa kwenye kiti, na nilijivuna kuliko siku yoyote.

Kwa anayeuliza kwa nini tunasumbuka hivi na kichwa, jibu ni hili. Ubongo unaelea ndani ya fuvu. Konde linalokizungusha kichwa ghafla, hasa la kidevuni au la pembeni, huufanya ubongo ujizungushe kwa kuchelewa, na mishipa midogo ya damu inayopita kati yake na utando wa nje inaweza kukatika. Damu ikikusanyika inaukandamiza ubongo. Tena haionekani mara moja. Mtu anaweza kutoka ulingoni kwa miguu yake, akazungumza, akalalamika, kisha akaanguka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Robert Wangila, Mkenya aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988. Julai 1994, jijini Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake raundi ya tisa. Wangila alipinga uamuzi huo. Alitaka kuendelea. Baadaye usiku ule alipoteza fahamu, na siku mbili baada ya pambano akafariki, akiwa hajafikisha hata miaka 30. Kila nikimkumbuka namkumbuka pale akipinga. Bondia wa kweli hataomba kuachwa. Ujasiri uleule uliompa dhahabu ndio uliomfanya ashindwe kujiokoa, na kwa hiyo haina maana kumwuliza bondia kama anataka kuendelea. Atasema ndiyo. Siku zote atasema ndiyo.

Eddie Futch, kocha wa Joe Frazier, alilijua hilo. Manila, 1 Oktoba 1975, baada ya raundi ya 14, Joe Frazier alikuwa haoni vizuri na bado alitaka kutoka kwa ya 15. Futch alimkalisha akamwambia imetosha, hakuna atakayesahau alichokifanya siku ile. Ilibaki raundi moja tu, na Ali upande wa pili alikuwa hoi. Makocha wengi wangemwacha atoke. Kwangu mimi huyo Futch ni mkubwa sawa na yeyote aliyewahi kuvaa mkanda.

Nikiongea hivi kuna wanaonitajia huruma ya baadaye. Sugar Ray Robinson, baada ya Jimmy Doyle kufariki mwaka 1947 kutokana na pambano lao, alimtengea fedha mama wa marehemu. Lupe Pintor alisafiri mwaka 2002 hadi mji wa kwao Johnny Owen, kule Wales, kufunua sanamu ya kijana aliyefariki baada ya kupigana naye mwaka 1980. Baba wa Owen ndiye aliyemwalika. Nawaheshimu sana watu hao, na baba yule namheshimu kuliko wote. Lakini mimi kama kocha sina haki ya kutegemea huruma inayokuja baada ya mazishi. Kazi yangu ni ile inayofika kabla.

Kwa hiyo nimejiwekea mambo. Aliyezimishwa kwa konde la kichwani hagusi sparingi kwa muda wote ambao kanuni inataka, na kanuni za ridhaa kwa miaka mingi zimetaka siku 30 kwa uchache. Mimi sihesabu siku tu, nangoja pia daktari. Anayempiga kwa nguvu mwenzake mdogo kwenye sparingi anavua glavu na kukaa chini, hata kama ni nyota wa jimu. Siku za wiki ya pambano siruhusu matusi kwa mpinzani, kwa sababu hasira inafunga jicho, na jicho ndilo silaha. Baada ya pambano tunakwenda pamoja kwenye chumba cha upande wa pili kusalimia, tumeshinda au tumeshindwa. Vijana wanaona aibu mara ya kwanza. Mara ya tatu wanakwenda wenyewe bila kukumbushwa, na nimeona wanarudi mazoezini wakipiga vizuri zaidi, wametulia zaidi, wanamaliza haraka zaidi. Nadhani sababu ni kwamba hawana tena haja ya kumchukia mtu ili wampige.

La mwisho ni taulo. Kabla sijakubali kukaa kwenye kona ya bondia, tunakaa chini tunakubaliana, na akiwa kijana mdogo mzazi anakuwepo: taulo ni langu, nikilirusha hatulijadili, si pale ulingoni wala kesho yake. Kuna mmoja aliyekataa. Ana kipaji kikubwa, ana kasi ya ajabu, na alisema wazi kwamba atakayemrushia taulo atakuwa amemsaliti. Nilimweleza polepole, akasimamia neno lake. Nikamwambia basi mwanangu tafuta kona nyingine, nami nikampa mkono. Ameshapigana mara kadhaa tangu hapo na anashinda. Nafuatilia kila pambano lake, na kabla ya kengele ya kwanza huwa natafuta kwenye skrini ni nani aliyekaa nyuma yake, na kama amekuja na taulo.